Mwalo wa mbao tatu

Mbao tatu, kipande cha zulia lenye manyoya mafupi, wavu mzito wa chuma na misumari michache. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kuviunganisha vitu hivyo asubuhi moja vikawa mwalo wa kuoshea dhahabu. Ukijengwa kwa vipimo, mwalo huo utanasa punje ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukijengwa kwa kubahatisha, utazisindikiza punje hizohizo hadi mtoni, na mchimbaji atarudi nyumbani akiamini kwamba mawe yake hayakuwa na kitu.

Wapo watu duniani ambao wameyafanya maisha yao ya mapumziko kuwa shule ya jambo hili moja. Kando ya mito ya California, katika vijito vya Otago huko New Zealand, kwenye bonde la Kildonan kaskazini mwa Scotland na katika Lapland ya Finland, utawakuta walimu, madereva na wastaafu wamepiga magoti majini siku ya Jumamosi, kila mmoja na kifaa alichokijenga mwenyewe bandani kwake. Wengi wao hawapati dhahabu ya kurudisha hata gharama ya mafuta ya gari. Wanapenda tu kutafuta, na wanapenda zaidi kubuni, kupima, kubomoa na kujenga upya.

Ninaandika habari zao kwa wasomaji wa Geita, Chunya, Kahama, Migori na Kakamega kwa sababu mapenzi yao yamejibu swali ambalo kwetu ni la riziki na la afya: mtu mwenye fedha kidogo afanyeje ili aikamate dhahabu ndogondogo bila kuikabidhi kazi hiyo kwa zebaki?

Jibu linaanzia kwenye uzito. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji. Mawe meupe ya kwazi, ambamo dhahabu hupenda kujificha, yana uzito mara 2.65 tu ya maji, na ule mchanga mweusi wenye chuma, unaovutwa na sumaku, hukaribia mara 5. Debe la lita 20 likijazwa dhahabu tupu lingekuwa na kilo 386, na vijana wanne wenye nguvu wasingelinyanyua kirahisi. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wote wa mwoshaji. Kila kifaa, kuanzia karai hadi mtambo wa mamilioni, kinafanya kazi ileile ya kuyapa maji nguvu ya kuondoa chepesi na kukipa kizito mahali pa kujificha.

Karai ndilo la kwanza. James Marshall alipoona vipande vya dhahabu kwenye mfereji wa kinu cha kupasulia mbao huko Coloma, California, tarehe 24 Januari 1848, watu waliomiminika baada yake walikuwa na makarai ya chuma na koleo. Lakini karai lina mipaka yake. Mtu hodari, akichutama kwenye maji baridi kutwa nzima, alikuwa akimaliza makarai kama 50. Ndipo likaja sanduku la kubembea, lenye chekeche juu na kitambaa cha turubai chini yake: mmoja anamwaga maji, mwingine anatikisa mpini. Baada yake ikaja mifereji mirefu ya mbao yenye vizuizi sakafuni. Wala haikuwa mipya. Georgius Agricola, Mjerumani aliyeandika juu ya uchimbaji wa madini, alikwisha kuchora na kueleza mifereji ya namna hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1556. Mwalo wa leo unafuata kanuni zilezile.

Hebu basi tuingie karakanani, kwa sababu utamu wa habari hii uko kwenye vipimo.

Mwalo mdogo wa mtafutaji wa mapumziko huwa na upana wa sentimita 25 hivi na urefu wa mita moja au zaidi kidogo. Ubao wa sakafu uwe umepigwa randa vizuri, kwa sababu kila nundu hubadilisha mwendo wa maji. Mbao za ubavuni zina kimo cha sentimita 12 hadi 15. Robo ya kwanza ya sakafu, pale mchanga unapotiwa, huachwa wazi au hutandikwa mpira wenye mifuo midogo. Hapo dhahabu kubwa huanza kutulia mapema, na mwenye mwalo anapata kuiona rangi, yaani chembe za dhahabu, bila kusimamisha kazi. Sehemu iliyobaki inatandikwa zulia, juu yake unakaa wavu wa chuma, na juu ya wavu vinakaa vizuizi: vipande vya mbao au vyuma vilivyolala kukingama njia ya maji, vyenye kimo cha sentimita moja na nusu hadi mbili, vikiachana kwa sentimita nne au tano.

Watu wengi hudhani kazi ya kizuizi ni kuizuia dhahabu isipite. Kazi yake hasa ni kuyafanya maji yajizungushe nyuma yake. Maji yanapovuka ukingo wa kizuizi hushuka, hugeuka na kurudi nyuma kidogo, na katika mzunguko huo mchanga mwepesi hunyanyuliwa na kuchukuliwa huku kizito kikizama hadi kwenye manyoya ya zulia. Kwa hiyo kizuizi kirefu kupita kiasi ni hasara: mchanga hujaa nyuma yake, hushikana, na mzunguko hufa. Dhahabu inayokuja baadaye hupita juu kama mtu anayetembea barabara ya lami. Wanaojua hukiinamisha kizuizi kidogo kuelekea maji yanakokwenda, ili mzunguko uwe na nguvu zaidi.

Mwinamo ndio moyo wa mwalo. Watafutaji wa Marekani huanza na mteremko wa inchi moja kwa kila futi moja, yaani kama sentimita 8 kwa kila mita, karibu nyuzi 5. Kutoka hapo husogeza kidogokidogo kulingana na mchanga walio nao. Asiye na pimamaji ya fundi atumie programu ya kupimia mwinamo iliyomo katika simu nyingi za siku hizi. Kisha aangalie kinachotokea nyuma ya vizuizi. Vikijaa mchanga mweusi uliogandamana, mteremko ni mdogo, maji ni haba, au mchanga unatiwa kwa pupa. Vikiwa vitupu hadi zulia linaonekana, maji yana kasi mno na yanachukua kila kitu. Mwalo uliotulia huonyesha mchanga nusu nyuma ya kila kizuizi, na mchanga huo unachezacheza muda wote.

Mchanga nao huchekechwa kwanza. Jiwe la ukubwa wa yai linahitaji maji makali ili liondoke, na maji hayohayo makali yataondoka na dhahabu laini. Ndiyo maana watafutaji hawa hupitisha kila kitu kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 12, na wale wanaosaka dhahabu ya vumbi hushuka hadi 6 au chini ya hapo. Mchanga wenye ukubwa unaokaribiana unakubali mwendo mmoja wa maji. Katika kazi yote hii, kama ningetakiwa kuchagua hatua moja tu ambayo haifai kurukwa, ningechagua kuchekecha.

Kazi ikimalizika, zulia halikung'utwi mtoni. Hutolewa taratibu na kuoshwa ndani ya beseni, na kile kinachobaki ndani ya beseni ndicho kinachopelekwa kwenye karai. Hapo sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki huvuta mchanga mweusi. Ukiitoa sumaku ndani ya mfuko, mchanga hudondoka. Unarudia mara mbili au tatu, maana sumaku hupenda kuvuta chembe za dhahabu zilizobanwa katikati ya chuma. Na kuna siri ya sabuni. Dhahabu iliyo bapa na nyembamba huweza kuelea juu ya maji, hasa karai likiwa na mafuta ya mikono. Tone moja la sabuni ya maji huizamisha. Karai jipya la plastiki husuguliwa kwa sabuni na mchanga kabla ya kutumiwa, na la chuma huchomwa kwenye moto hadi mafuta yote yaondoke.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zawadi kubwa kuliko zote kutoka kwa watu hawa, na halihitaji hata msumari. Wao huupima mwalo kwa kile unachokipoteza. Mchimbaji wa kawaida hutazama kilichonaswa, akifurahi au akisikitika, kisha anaendelea. Mtafutaji wa mapumziko huweka karai mwishoni mwa mwalo, hukinga mchanga unaotoka, na kuuosha upya kwa uangalifu kuona kama kuna rangi ndani yake. Ikiwemo, anabadilisha kitu kimoja, mteremko au maji au zulia, na kupima tena.

Wapo wanaotumia kipimo kilicho wazi zaidi. Huchukua risasi, ile ambayo kwetu mvuvi huifahamu kama chubwi ya mshipi, huigonga kwa nyundo ikawa bapa na kuikata vipande 10 vidogo sana. Huvipaka rangi ya kucha ili vionekane, huvichanganya na ndoo ya mchanga usio na kitu, na kuupitisha mchanga huo kwenye mwalo. Risasi ina uzito mara 11.3 ya maji, ni nyepesi kuliko dhahabu. Mwalo ukivinasa vipande vyote 10, utainasa dhahabu ya ukubwa huo. Ukinasa 6, mwenye mwalo amejua anachomwaga kila siku. Vipande huokotwa vyote baada ya jaribio, mikono hunawiwa kwa sabuni, na jaribio halifanyiwi mtoni, kwa sababu risasi ni sumu.

Kuhusu vifaa vingine nitapita haraka. Pale ambapo mto hauna mteremko, mwalo huinuliwa juu ya miguu, ukawekewa sanduku la kupokelea mchanga na bomba lenye matundu ya kunyunyizia. Maji huletwa na pampu ndogo ya volti 12, ya aina inayotoa maji ndani ya boti. Wenye maji kidogo huyazungusha: yanatoka mwaloni, yanatulia kwenye pipa la kwanza, yanamwagikia la pili, na pampu huyarudisha juu. Maji yakigeuka uji wa tope hubadilishwa, kwa sababu tope zito hubeba dhahabu laini. Katika majangwa ya Arizona, ambako hata maji ya kuzungusha ni shida, wanajenga sanduku lenye mivukuto inayopuliza upepo kupitia kitambaa, na vumbi jepesi huruka huku kizito kikibaki. Sanduku hilo linataka mchanga mkavu kabisa, na anayelitumia lazima azibe pua na mdomo kwa barakoa nzuri, kwa kuwa vumbi la mawe huharibu mapafu.

Nchi za watafutaji hawa haziwaachi wafanye watakavyo. New Zealand imetenga maeneo ya umma ambako mtu yeyote huruhusiwa kuosha dhahabu, lakini kwa zana za mkono tu, bila injini. Jimbo la Victoria, Australia, hutoa kibali maalumu cha mtafutaji. California ilisimamisha mwaka 2009 matumizi ya mashine za kunyonya mchanga wa mtoni, kwa ajili ya samaki na kwa ajili ya zebaki iliyolala chini. Kwetu Tanzania, anayetaka kuchimba dhahabu hupitia leseni, na ile ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania. Anayetamani kujaribu mwalo wake kwa furaha ya ufundi na atafute kwanza mwenye leseni atakayemkaribisha.

Na zebaki hiyo ya California ilitoka wapi? Iliachwa na wachimbaji wa karne ya 19. Walikuwa wakiimwaga ndani ya mifereji yao ili ishikamane na dhahabu laini, na sehemu yake ikapita na maji. Idara ya Jiolojia ya Marekani imetaja makadirio ya pauni milioni 10, yaani karibu tani 4,500, zilizopotea katika mazingira ya California kutokana na uoshaji wa mchanga wa dhahabu peke yake. Wachimbaji wale wamekufa zamani, na makampuni yao yamesahauliwa, lakini mtafutaji wa leo anapoosha zulia lake bado hukuta matone ya fedha yakiteleza kwenye beseni. Bado kuna tahadhari za kula samaki wa baadhi ya mito na mabwawa ya huko. Hii ni habari ya miaka zaidi ya 150, na inapaswa kusomwa kwa makini na kila anayeishi kando ya vijito vinavyoelekea Ziwa Victoria.

Kwetu dhahabu nyingi imo ndani ya mwamba. Jiwe hupandishwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, hugongwa kwa nyundo, husagwa kwenye karasha hadi liwe unga, na unga huo ndio unaooshwa kwenye mwalo uliotandikwa magunia. Punje ni ndogo kuliko za mtoni, kwa hiyo vipimo vinataka uangalifu zaidi: vizuizi vifupi au visiwepo kabisa, kitambaa chenye manyoya, maji membamba yanayotandaa sawasawa kwenye ubao mzima. Mara nyingi maji hutiwa kwa ndoo, yanakuja kwa kishindo kisha yanakatika, na kila kishindo hufagia kilichokwisha kutulia. Pipa lililoinuliwa juu ya kichuguu, lenye koki chini, hutoa maji yaleyale kwa mwendo mmoja. Gharama yake ni ndogo, na tofauti yake huonekana kwenye karai.

Mwalo ukivujisha, mchimbaji huiachia zebaki ikamilishe kazi, na hata hivyo mara nyingi nusu ya dhahabu hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Marudio hayo hununuliwa na wenye mitambo ya sayanaidi, ambao hupata humo dhahabu iliyomshinda mwenye jiwe. Kwa bei ya mwaka 2025, ambapo wakia moja ya gramu 31.1 ilivuka dola 4,000, gramu moja iliyopita juu ya gunia ni zaidi ya dola 120. Akina mama wanaoinama kwenye mialo kutwa wanastahili kuibakiza gramu hiyo mikononi mwao.

Kisha kuna moto. Mchanganyiko wa zebaki na dhahabu huchomwa waziwazi, pengine jikoni, pengine mtoto yuko mgongoni. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Unaingia kwenye mapafu, unafika kwenye neva na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia aliye tumboni. Kwa ambao bado hawajaiacha zebaki, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza retoti: kikombe cha chuma chenye mfuniko unaobana kwa skrubu, na bomba linalotoka juu, likateremka na kupozwa kwa kitambaa chenye maji. Mvuke hupoa ndani ya bomba na kudondoka tena kuwa zebaki. Ncha ya bomba isizamishwe ndani ya maji, kwa sababu kikombe kinapoanza kupoa huyavuta maji hayo ndani ya chuma cha moto, nayo yanaweza kulipuka. Uchomaji ufanyike nje, mbali na watu na chakula, na kikombe kisifunguliwe hadi kipoe kabisa.

Lakini retoti ni nusu ya safari. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wamekuwa kwa miongo kadhaa wakiosha kwa uangalifu hadi wanabaki na mchanga mzito kidogo sana, kisha wanauyeyusha na boraksi juu ya mkaa unaopulizwa. Boraksi huyafanya madini mengine yayeyuke mapema na kuelea kama takataka, na dhahabu hukusanyika chini. Wataalamu kutoka Denmark waliijaribu njia hiyo na wachimbaji wa Chunya, na taarifa yao ilitoka mwaka 2010. Haifai kwa kila aina ya mwamba, na inadai uoshaji bora. Hapo ndipo mwalo wa mbao tatu unaporudi kuwa muhimu: boraksi haitamsaidia mwenye mwalo unaovuja.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Lwamgasa, mkoani Geita, ilishapokea mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina vituo vya mfano hapohapo Lwamgasa, Katente na Itumbi. Maarifa, kwa hiyo, yamo nchini. Kinachotakiwa ni yamfikie seremala anayepigilia mwalo leo.

Ombi langu kwa VETA inayofundisha ufundi stadi, SIDO inayohudumia viwanda vidogo, na STAMICO ni dogo. Chapisheni mchoro mmoja wa mwalo kwa Kiswahili, wenye vipimo vya sentimita, mwinamo wake, aina ya zulia na jaribio la vipande 10 vya chubwi, na ubandikwe kwenye kila kituo cha uoshaji. Wapeni mafunzo ya siku chache maseremala na wachomeleaji wa vijiji vya wachimbaji, kwa kuwa wao ndio wajenzi. Nawe mchimbaji unayesoma gazeti hili, usingoje mchoro. Kesho kabla hujamwaga marudio, weka beseni mwishoni mwa mwalo wako, ukinge kilichotoka, ukioshe tena. Ukiona rangi, badilisha kitu kimoja, mteremko au maji au kitambaa, na upime upya.